Dakika Nane za Nyuzi na Meza ya Bwana

Katika vyuo vya theolojia tulisoma Historia ya Kanisa kwa miaka kadhaa, tukatoka na tarehe zake vichwani: 1517, Ungamo la Augsburg 1530, kifo cha Luther 1546, Kitabu cha Makubaliano 1580. Jina la Johannes Kepler halikuwamo. Tulikuwa tumekutana nalo mapema zaidi, katika fizikia ya sekondari, mwalimu alipoandika ubaoni kanuni tatu za mwendo wa sayari na kutuambia tuzikariri maana hazikosi kwenye mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba mwenye kanuni hizo alikuwa Mlutheri, tena Mlutheri aliyesomeshwa ili awe mchungaji. Wala hatukuambiwa kwamba mwaka 1612, akiwa na umri wa miaka 40, mchungaji wa Kilutheri alimzuia asiikaribie Meza ya Bwana, na viongozi wa Kanisa lake la nyumbani wakaafiki.

Washarika wengi wanajua habari za Galileo, jinsi Kanisa la Roma lilivyomlazimisha mwaka 1633 akane kwamba dunia inalizunguka jua. Sisi wachungaji tunapenda kuisimulia habari hiyo, na tukisema kweli tunaipenda kwa sababu waliokosea humo si sisi. Habari ya Kepler ni yetu. Ndiyo maana tumeona ifaa kuiandika hapa.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika mji mdogo wa Weil der Stadt, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa askari wa kukodiwa, mtu wa kuondoka na kurudi, na mwishowe akaondoka asirudi. Ndui ya utotoni ilimwachia macho dhaifu, kwa hiyo mtu aliyekuja kutueleza mbingu hakuwahi kuziona vizuri kama ambavyo mtoto yeyote wa kijijini kwetu anaziona usiku usio na mwezi. Mama yake, Katharina, alimpandisha mahali pa juu mwaka 1577 akamwonyesha nyota yenye mkia iliyoitisha Ulaya nzima. Tumkumbuke mama huyu, tutarudi kwake.

Nchi ya Württemberg ilikuwa ya Kilutheri, na watawala wake waliweka utaratibu wa kuwasomesha bure vijana wenye akili ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo, ili nchi ipate wachungaji na walimu. Kwa njia hiyo Kepler alisoma seminari ya Maulbronn, kisha mwaka 1589 akaingia Chuo Kikuu cha Tübingen. Huko walimu wawili walimgusa. Michael Mästlin alimfundisha hesabu na elimu ya nyota. Matthias Hafenreffer alimfundisha theolojia, akampenda kama mwana.

Hapa inabidi tusimame kidogo, tueleze watu wa wakati ule waliziona mbingu namna gani. Tangu zamani za Ptolemaio, aliyeishi Misri katika karne ya 2, wasomi walifundisha kwamba dunia imetulia katikati, na kwamba mwezi, jua, sayari na nyota zote zinaizunguka. Sayari zilizojulikana zilikuwa tano: Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Hizi si nyota. Hazina mwanga wake zenyewe, zinaangazwa na jua kama mwezi unavyoangazwa. Ile inayoitwa na wengi nyota ya jioni, inayong'aa magharibi jua likishazama, ni Zuhura. Uranus na Neptune hazikujulikana kuwa sayari mpaka zama za darubini.

Mwaka 1543 kilichapwa kitabu cha Nicolaus Copernicus, mtumishi wa kanisa kuu la Frombork, Poland, kilichosema kwamba jua ndilo lililo katikati na dunia ni sayari mojawapo inayolizunguka. Walutheri walikuwa na mkono mkubwa katika jambo hilo, kwa heri na kwa shari. Aliyemshawishi mzee yule akubali kuchapisha alikuwa Rheticus, mwalimu kijana wa hesabu kutoka Wittenberg, chuo cha Luther mwenyewe. Kitabu kilichapwa Nuremberg, mji wa Kilutheri. Lakini aliyesimamia uchapaji mwishoni, mchungaji Andreas Osiander, aliingiza dibaji bila kuweka jina lake, akisema haya yote ni mahesabu tu na si lazima yawe kweli. Luther naye, kwa mujibu wa waliokuwa wakiandika mazungumzo yake ya mezani, alikwisha kumcheka mtu huyo wa nyota miaka minne kabla, akitaja Yoshua sura ya 10, mahali ambapo jua ndilo lililoamriwa kusimama, si dunia. Maneno ya mezani si mafundisho ya Kanisa, na Wittenberg iliendelea kufundisha hesabu za Copernicus. Hata hivyo wengi waliofuata waliyashika maneno ya mezani kuliko mengine.

Mästlin alikuwa mmoja wa wachache waliosadiki kwamba Copernicus alisema kweli, na Kepler akasadiki pamoja naye. Hakuona mgongano na imani. Baadaye aliandika kwamba Maandiko husema na watu kwa lugha ya watu, kwa jinsi mambo yanavyoonekana machoni. Sisi nasi tunasema jua limechwa, na hakuna mzee wa kanisa atakayetuita waongo.

Mwaka 1594, kabla hajamaliza theolojia, shule ya Walutheri ya Graz huko Austria ilifiwa na mwalimu wa hesabu ikaomba mwingine kutoka Tübingen. Chuo kilimtuma Kepler. Alikwenda kwa shingo upande, maana nia yake ilikuwa madhabahu. Baada ya mwaka mmoja alimwandikia Mästlin kwamba kwa muda mrefu alihangaika kwa kukosa utheolojia, lakini sasa anaona Mungu anaweza kutukuzwa hata kwa elimu ya nyota. Tangu hapo alijihesabu kuwa anahudumu madhabahuni pa kitabu kingine cha Mungu, kitabu cha uumbaji. Alipotaka kuweka katika kitabu chake cha kwanza, kilichotoka 1596, sura ya kupatanisha jua la Copernicus na Biblia, walimu wa Tübingen walimshauri aiondoe. Hafenreffer alimsihi kama baba: shika hesabu, mambo mengine yaache. Aliitoa.

Graz ilikuwa chini ya mtawala Mkatoliki aliyekusudia kuwarudisha watu wake Roma. Mwaka 1598 wachungaji na walimu wa Kilutheri walifukuzwa. Kepler aliruhusiwa kurudi kwa muda, lakini mwaka uliofuata, alipomzika binti yake mchanga bila kufuata taratibu za makasisi wa mji, alitozwa faini. Agosti 1600 wakazi waliitwa mmoja mmoja waseme kama watakuwa Wakatoliki. Alisema hapana. Akapakia mke, mtoto wa kambo na vyombo, akaacha mali yote ya mkewe iliyokuwa mashamba na nyumba, akaelekea Prague. Tunawaomba wasomaji waushike uamuzi huu mkononi, kwa sababu wale waliokuja kumnyima Meza hawakuwa wakimnyima mtu wa kuyumbayumba. Alikuwa amekwisha kuulipia Ulutheri kwa kila alichokuwa nacho.

Huko Prague alikuwako Tycho Brahe, Mdenmaki, naye Mlutheri, mtu tajiri na mwenye majivuno, lakini hakuna aliyewahi kuzipima nyota kwa uangalifu kama yeye. Kwa miaka 20 hivi katika kisiwa cha Hven alikuwa amezipima sayari usiku baada ya usiku kwa vyombo vikubwa visivyo na kioo hata kimoja, maana darubini ilikuwa bado. Alimpa Kepler kazi ya Mirihi, sayari nyekundu, iliyokuwa inawashinda wote. Kepler alijigamba kwamba ataimaliza kwa siku nane. Tycho akafa Oktoba 1601, Kepler akarithi cheo chake cha mtaalamu wa hesabu wa Kaisari Rudolf II na, kwa ujanja kidogo, daftari zake. Siku nane zikawa miaka.

Shida ilikuwa hii. Kila mtu tangu Wayunani aliamini kwamba vitu vya mbinguni huenda kwa duara kamili, kwa kuwa duara ni umbo lisilo na kasoro na mbingu hazifai kuwa na kasoro. Copernicus mwenyewe aliamini hivyo. Kepler akatengeneza njia ya Mirihi kwa duara, akaikokotoa kwa mkono, bila kikokotoo wala hata majedwali ya kusaidia kuzidisha, akirudia hesabu ndefu zisizopungua 70. Mwishowe ikakaa. Akailinganisha na vipimo vingine vya Tycho, na katika baadhi yake ikaachana navyo kwa dakika nane za nyuzi.

Dakika nane ni kitu gani? Anga lote linalotuzunguka ni nyuzi 360, na kila nyuzi moja hugawanywa katika dakika 60. Mwezi mpevu una upana wa dakika 30 hivi. Nyoosha mkono mbele yako na kidole kimoja kitafunika karibu nyuzi mbili, yaani mara 15 ya kosa la Kepler. Lilikuwa kosa dogo kiasi kwamba mtu yeyote kabla ya Tycho angelipitisha, kwa kuwa vipimo vya zamani vyenyewe vilikosea zaidi ya hapo. Kepler angeweza kusema vyombo vimepinda, au Tycho alikuwa na usingizi usiku ule. Hakusema. Alisema kwamba Mungu kwa wema wake ametupa mpimaji mwangalifu kama Tycho, basi inatupasa kuipokea zawadi hiyo kwa shukrani na kuitumia. Akaitupa kazi ya miaka, akaanza upya.

Njia aliyoipata mwishowe si duara ila duaradufu, umbo la yai lisilo na ncha. Fundi anaweza kulichora uani kwa vigingi viwili na kamba: funga kamba iliyolegea kwenye vigingi vyote viwili, ikaze kwa kijiti, kisha zungusha kijiti pande zote kamba ikiwa imekazwa. Jua limekaa kwenye kigingi kimoja, na kwenye kigingi cha pili hakuna kitu. Kwa hiyo Mirihi mara iko kilomita milioni 207 kutoka kwenye jua, mara milioni 249. Dunia yetu nayo husogea mpaka milioni 147 mwezi Januari na kurudi hadi milioni 152 mwezi Julai. Tena, na hii ni kanuni yake ya pili, sayari inapolikaribia jua huenda kasi zaidi, na inapokuwa mbali hupunguza. Asiyeamini achukue kalenda ya ukutani. Kuanzia siku jua linapovuka ikweta tarehe 20 Machi mpaka linapovuka tena kurudi kusini tarehe 22 au 23 Septemba ni siku 186. Kutoka hapo mpaka Machi inayofuata ni siku 179. Mwaka haujagawanyika katikati, kwa sababu mwezi Januari tunakimbia na mwezi Julai tunatembea. Kitabu chenye kanuni hizo mbili kilitoka mwaka 1609. Humo pia Kepler alimtaja Osiander hadharani kuwa ndiye mwandishi wa dibaji ile isiyo na jina, na hakuficha kwamba ilimkera.

Kisha ukaja mwaka 1611. Mwana wao wa miaka sita alikufa kwa ndui, mkewe Barbara akamfuata, na Kaisari akapokonywa nchi yake. Kepler akaomba kazi Linz, mji mwingine wa Austria ambako Walutheri bado walikuwa na nguvu, akafika huko 1612 akiwa mjane mwenye watoto wawili.

Mchungaji wa Linz, Daniel Hitzler, alikuwa mtu wa Württemberg kama yeye. Kepler alimwendea akiomba kushiriki Chakula cha Bwana, na kwa kuwa alikuwa mgeni akafungua moyo wake mapema. Alisema anashika Ungamo la Augsburg. Lakini katika Fomula ya Makubaliano ya mwaka 1577 kuna jambo moja ambalo hawezi kuliwekea sahihi bila maelezo, nalo ni fundisho kwamba mwili wa Kristo, kwa kuwa umeunganishwa na Uungu, uko mahali pote. Alikuwa amewasoma mababa wa Kanisa la kwanza na hakulikuta kwao likifundishwa hivyo. Tena hakuwa tayari kuwalaani Wakalvini kwa ajili yake, kwa maana aliwahesabu kuwa ndugu. Hitzler akamtaka atie sahihi yote bila sharti. Kepler akakataa, na Hitzler akamzuia.

Tuseme wazi, hakuzuiwa kwa sababu ya nyota. Wala hatutaki kumfanya Hitzler kuwa mtu mwovu. Alikuwa amepewa ua wa kulinda, katika nchi ambako mbwamwitu hawakuwa wa mfano tu, na sahihi ndiyo iliyokuwa lango. Sisi tuliowahi kukaa kwenye kiti cha mchungaji mbele ya Baraza la Wazee tunajua jinsi inavyokuwa rahisi kufunga lango kuliko kumuuliza mtu swali la pili.

Lakini tunapoziweka habari hizi mbili pamoja, ya Mirihi na ya Linz, tunaona ni mtu mmoja. Aliyeshindwa kuzifumbia macho dakika nane ndiye aliyeshindwa kuufumbia macho mstari mmoja wa Fomula. Kuna wangapi katika Linz waliotia sahihi bila kuisoma? Hao walikula na kunywa. Kama Kepler angenyamaza, au angeandika jina lake haraka na kuondoka, hakuna ambaye angemgusa. Alifungiwa kwa sababu alisema palipo na tofauti, na tofauti ni kiasi gani, bila kuongeza wala kupunguza, kama alivyozoea kufanya na daftari za Tycho.

Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja tuliohudumu, mwalimu mstaafu alipendekezwa kuwa mzee wa kanisa. Alikuwa mtu wa sala, asiyekosa ibada wala zaka. Katika mahojiano alisema kwamba anamkiri Mungu Muumba kwa moyo wote, ila hawezi kusema siku sita za Mwanzo zilikuwa za saa 24, kwa kuwa amefundisha jiografia miaka 30 na anajua umri wa miamba. Jina lake liliondolewa. Hatukusema kitu siku ile. Tulijiambia kwamba ni mambo madogo na usharika una mengine makubwa. Aliendelea kuja ibadani kwa muda, akikaa benchi la nyuma karibu na mlango, kisha akaacha kuja. Hatukumfuata nyumbani. Tulipoisoma habari ya Linz ndipo tulipolikumbuka benchi lile.

Kepler alikata rufaa kwa baraza la Kanisa huko Stuttgart, na mwaka huohuo wa 1612 likamjibu kwamba mchungaji amefanya vyema. Hakuhama dhehebu. Wakatoliki walimtaka, kwa heshima na kwa ahadi za kazi, naye akawaambia alizaliwa na kulelewa katika Ungamo la Augsburg na hatacheza na imani. Kwa Wakalvini pia hakujiunga. Kila Jumapili alikuwa Mlutheri, akisikiliza neno, na saa ya meza akibaki mahali pake.

Jambo jingine liliwaudhi Walutheri wenzake. Papa Gregori wa 13 alikuwa amesahihisha kalenda mwaka 1582 kwa kuondoa siku kumi, kwa sababu hesabu ya zamani ilikuwa imeachana na jua. Waprotestanti waliikataa kwa kuwa imetoka Roma. Kepler alisimama mbele ya wakuu wa Ujerumani huko Regensburg mwaka 1613 akasema kalenda ni sahihi, ipokelewe. Haikupokelewa. Walutheri wa Ujerumani waliendelea kusherehekea Krismasi siku kumi baada ya majirani zao mpaka mwaka 1700.

Februari 1618 binti yake Katharina alikufa. Moyo wake haukuweza kazi ya majedwali, akayaweka kando akarudia fikra za ujanani juu ya ulinganifu wa uumbaji. Tarehe 15 Mei mwaka huo akaipata kanuni ya tatu, ile inayowatesa wanafunzi wetu. Inasema hivi: chukua muda ambao sayari hulizunguka jua, kwa miaka, uuzidishe kwa wenyewe. Chukua umbali wake, ukihesabu umbali wa dunia kuwa moja, uuzidishe kwa wenyewe mara tatu. Majibu ni sawa. Mshtarii iko mbali mara 5.2 ya dunia, nayo huzunguka kwa miaka 11.86. Ukifanya hesabu unapata kama 140.6 upande mmoja na 140.7 upande mwingine, tofauti itokanayo na tarakimu tulizozikata. Zohali, Zuhura, Mirihi, zote hutii. Hakuwa ameambiwa na mtu. Aliandika kwa furaha ya mtu aliyekuta hazina, akamshukuru Muumba katika sala ndefu humo humo katika kitabu. Siku nane baada ya ugunduzi huo, huko Prague, wajumbe wa mfalme walitupwa nje kupitia dirishani, na Vita vya Miaka 30 kati ya Wakatoliki na Waprotestanti vikaanza.

Katika miezi hiyohiyo aliandikiana na Hafenreffer, mwalimu wake wa zamani, akiomba kwa mara nyingine afunguliwe Meza. Barua zilianza kwa upole wa baba na mwana. Kepler alieleza tena kwamba hatafuti ugomvi, hafundishi wengine, anaomba tu asilazimishwe kusema analosadiki kuwa si kweli. Mwaka 1619 Hafenreffer alimjibu kwa niaba ya walimu wa theolojia na baraza la Kanisa: ama aikubali Fomula, ama asiombe ushirika. Hafenreffer alifariki mwaka huohuo. Tunapofundisha upendo wa mwalimu kwa mwanafunzi tunaikumbuka barua hiyo kwa uchungu, maana hatuna sababu ya kudhani kwamba alikuwa ameacha kumpenda.

Mwaka 1973, huko Leuenberg, Uswisi, makanisa ya Kilutheri na ya Kireformati ya Ulaya yalikubaliana kwamba laana za karne ya 16 juu ya Chakula cha Bwana hazihusu tena mafundisho ya sasa ya upande wa pili, na kwamba wanaweza kushirikiana mezani. Kepler alikuwa amekufa miaka 343.

Tulisema tutarudi kwa mama. Mwaka 1615, jirani mmoja aliyegombana na familia alimshtaki Katharina Kepler kwamba ni mchawi, na kwamba alimnywesha kinywaji kilichomletea maradhi. Alikuwa mjane, mzee, mjuzi wa dawa za miti, mwenye ulimi mkali. Wale wanaofahamu jinsi bibi zetu wenye macho mekundu walivyouawa katika baadhi ya mikoa yetu hawahitaji maelezo zaidi. Mwaka 1620 alikamatwa akafungwa minyororo, katika nchi ya Kilutheri, chini ya mahakama ya Walutheri. Mwanawe aliacha kazi Linz, akasafiri, akaandika utetezi wake ukurasa kwa ukurasa, akiupima kila ushahidi: nani alisema, lini, alikuwa ameugua tangu lini. Septemba 1621 mama huyo alionyeshwa vyombo vya mateso ili aungame. Alikataa, akapiga magoti na kumwachia Mungu neno lake. Wakamwachia huru mwezi uliofuata. Aliishi miezi sita tu baada ya hapo.

Yaliyobaki katika maisha yake ni ya mkimbizi. Vita ilifika Linz, Walutheri wakafukuzwa, na majedwali ya nyota aliyomwahidi Tycho akiwa kitandani pa kufia yakachapwa mbali huko Ulm mwaka 1627. Novemba 1630 alifika Regensburg kwa farasi kudai mshahara aliokuwa akiidai serikali ya Kaisari kwa miaka mingi. Akapatwa na homa, akafa tarehe 15, akiwa na umri wa miaka 58. Wachungaji wa Kilutheri walikuwa karibu na kitanda chake. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa anautegemezea wapi wokovu wake, alijibu kwamba ni kwa stahili ya Yesu Kristo peke yake. Walimzika katika makaburi yaliyo nje ya ukuta wa mji, na miaka michache baadaye majeshi yakayaharibu, hata leo haijulikani amelala wapi.

Kabla hajafa alikuwa ametoa tangazo kwa wapima nyota wote: kwa mujibu wa majedwali yake, tarehe 7 Novemba 1631 sayari ya Zebaki itapita mbele ya jua, jambo ambalo hakuna mwanadamu aliyekuwa amelishuhudia na kulielewa. Siku hiyo huko Paris padre mmoja Mkatoliki, Pierre Gassendi, alitia giza chumba chake akaiangusha sura ya jua kwenye karatasi. Mawingu yalimsumbua. Yalipopisha aliona kitone cheusi, kidogo sana kuliko alivyotarajia, akadhani ni doa la kawaida la jua. Alikitazama tena baada ya muda, kikawa kimesogea. Akatazama mara ya tatu, kikawa kimesogea zaidi, kasi kuliko doa lolote linavyoweza kwenda. Akaanza kuandika saa.